Mkulima mwenye kisukari, usilisingizie jembe kila maumivu



Najua wengi mlikuwa mnasubiri sehemu ya pili ya somo la kukuzia mpunga kwa urea. Itakuja wiki ijayo, msiwe na wasiwasi. Leo naomba mnivumilie kidogo, nataka kuzungumzia mwili wa huyo anayeimwaga hiyo urea. Maana mbolea tunaipima, maji tunayapima, mbegu tunaijaribu kama inaota, lakini mwenye shamba mwenyewe anaumwa mwaka mzima na jibu letu ni lile lile: "Ni jembe hilo, utazoea."

Mimi si daktari. Nina stashahada ya kilimo niliyosomea pale MATI Ilonga, na kazi yangu ni ubwana shamba huku bonde la Kilombero. Haya ya afya nimeyauliza kwa mganga wa kituo chetu, mengine nimeyasoma, na mengine nimefundishwa na kosa langu mwenyewe. Nianze na hilo kosa.

Mama aliyesimama kwenye tuta

Msimu uliopita tulikuwa na shamba darasa la kilimo shadidi. Mnaokijua kilimo shadidi mnaijua ile kazi: mche mmoja mmoja wenye siku 8 hadi 12, kamba imevutwa, sentimita 25 kwa 25, mgongo umepinda tangu asubuhi. Wanakikundi wote wameingia kwenye jaruba, isipokuwa mama mmoja. Yeye kasimama juu ya tuta, kashika mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto.

Nikamwambia mbele ya watu, "Mama, leo umekuja kututazama?"

Akasema, "Mwanangu, bega limekataa. Mkono haupandi."

Nami, kwa kujifanya mchangamfu, nikajibu, "Bega la kupandikiza linakataa, la kubeba magunia litakubali?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Nikaandika kwenye daftari la mahudhurio alama ya kuwa hakufanya kazi.

Wiki mbili baadaye hakuja kabisa, na wiki iliyofuata hivyo hivyo. Kwenye kikundi tulikuwa na utaratibu, na niliuweka mimi: anayekosa mara tatu anatoka kwenye orodha ya pembejeo za mkopo wa kikundi. Nikaenda nyumbani kwake kumpa onyo. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, binti yake anamsuka kwa sababu mwenyewe hawezi kufikisha mkono kichwani. Hata kufunga kanga kifuani alikuwa anasaidiwa.

Ndipo nikajua mambo matatu. La kwanza, mama yule ana kisukari kwa miaka 8. La pili, alikuwa ameshakunywa diklofenaki kutoka dukani kwa zaidi ya miezi minne, asubuhi na jioni, ili aweze kushika jembe. La tatu ndilo lililonikata maini: kliniki ya kisukari pale kituoni ni Jumanne, na shamba darasa langu nalo lilikuwa Jumanne. Alikuwa amekosa kliniki kwa kuogopa daftari langu. Zile siku mbili alizonikosa mimi, ndiyo alikuwa ameamua kwenda kupimwa.

Alipopimwa walikuta sukari iko juu sana na figo zimeanza kulegea. Diklofenaki ikasimamishwa siku ile ile. Kwenye unyayo wa kushoto alikuwa na kidonda cha kuchomwa na kisiki cha mpunga, na hakuwa na habari nacho. Hakusikia.

Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina. Aliniambia, "Waambie wenzangu, mimi nilidhani ni jembe."

Rai yangu ni hii

Maumivu ya misuli na viungo kwa mtu mwenye kisukari si kitu kimoja, na hayana dawa moja. Tukiyaita yote "ya jembe", tunafanya kosa lile lile ninalolipigia kelele kila siku kwenye mahindi.

Si mnajua mahindi yakiwa ya njano watu wanakimbilia urea? Lakini njano si moja. Ikianzia majani ya chini na kuingia katikati ya jani kutoka nchani, hiyo ni njaa ya naitrojeni, urea itasaidia. Pembeni mwa majani ya chini pakiungua, angalia potasiamu. Majani machanga ya juu yakipauka yote, inaweza kuwa salfa. Ukiona mistari myembamba iliyokatikakatika kuanzia majani machanga, huo ni ugonjwa wa milia unaoletwa na wadudu, hata umwage mfuko mzima. Na kama shamba limetuama maji, mizizi inakosa hewa, urea yako inapotea bure.

Mkulima mzuri anauliza: njano imeanzia wapi? Lini? Inakwendaje? Basi na maumivu tuyaulize hivyo hivyo. Anayekupa kidonge bila kukuuliza maswali hayo amekumwagia urea kwenye milia.

Maumivu yanaanzia wapi na lini?

*Miguu inawaka usiku.* Unalala, nyayo zinachoma kama umekanyaga majivu ya moto, au kama siafu wanatembea, au sindano zinachomachoma. Wengine hata shuka likigusa mguu wanaumia. Mara nyingi inaanza kwenye vidole vya miguu, miguu yote miwili, halafu inapanda taratibu kama soksi. Hapo tatizo haliko kwenye misuli wala mifupa, ingawa wewe unasema "miguu inauma". Ni mishipa ya fahamu. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaiharibu mishipa hiyo pamoja na vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Ubaya wake ni kwamba baada ya kuwaka huja ganzi, na mtu anafurahi, "Siku hizi miguu haiumi." Kumbe ndiyo imekufa ganzi. Mama yule alikuwa amefika hapo.

*Bega limekaza.* Unashindwa kuinua mkono, kuchana nywele, kujikuna mgongoni, kuvaa shati. Usiku ukilalia upande ule huwezi. Mganga wetu aliniambia bega la namna hii huwapata watu wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko wengine. Sukari iliyozidi hujibandika kwenye nyuzi zinazoshikilia viungo, zinakuwa ngumu, zinapoteza ule mnyumbuliko wake. Mfano wa mpira wa bomba la kupulizia ulioachwa juani. Mfuko unaozunguka kiungo cha bega unasinyaa na kukaza. Linaweza kukaa mwaka mmoja hadi mitatu, kwanza linauma sana, halafu linakaza, mwisho linaachia pole pole. Kulifunga mkono na kuacha kabisa kuutumia kunazidi kulikaza, na kulilazimisha jembe kwa nguvu ya vidonge nako si dawa. Linataka mazoezi ya taratibu ya kuelekezwa na sukari kushushwa.

*Vidole vya mikono.* Hebu jaribu sasa hivi: kutanisha viganja vyako viwili kama mtu anayesali, vidole vyote vigusane kuanzia nchani hadi shinani. Kama pamebaki uwazi katikati na vidole vimekataa kunyooka, na una kisukari, mwambie mganga. Ni ule ule ugumu wa nyuzi. Wengine kidole kinajikunja na kukwama, ukikinyoosha kinaruka kwa mlio kama kifyatuo. Wengine usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi hadi wanaamka kukung'uta mkono. Huo ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Vyote hivi huwapata hata wasio na kisukari, lakini wenye kisukari vinawapata zaidi.

*Goti linauma ukiinuka na ukipanda kilima.* Hapa jembe lina sehemu yake, tusilionee wala tusilitetee. Umri, uzito mkubwa na miaka ya kuinama na kubeba magunia vinalisaga gegedu la goti. Kisukari cha ukubwani mara nyingi huja pamoja na uzito, kwa hiyo magonjwa mawili yanakutana kwenye goti moja.

*Shavu la mguu linauma ukitembea, ukisimama linapoa.* Umetoka nyumbani, ukifika kwa jirani wa tatu kigimbi kinabana, unasimama dakika chache kinaachia, ukianza tena kinabana tena. Hiyo huenda ikawa njia ya damu imekuwa nyembamba. Wavuta sigara na wenye presha wako hatarini zaidi. Mguu usiopata damu ya kutosha kidonda chake hakiponi, kwa hiyo hili si la kulichua kwa mafuta na kulisahau.

*Kidole gumba cha mguu kimevimba ghafla, chekundu, cha moto, hata upepo unauma.* Mara nyingi ni jongo. Tindikali ya yuriki imezidi kwenye damu na kuganda kama chembechembe za kioo ndani ya kiungo. Figo zikiwa dhaifu inazidi, baadhi ya vidonge vya presha vya kukojoza vinaizidisha, na pombe na nyama nyingi navyo huichochea. Wazee wangu wa baada ya mavuno, mnanielewa.

*Misuli inabana ghafla, hasa usiku.* Sukari ikiwa juu unakojoa sana, maji na chumvi za mwili vinaondoka. Ongeza jua la saa saba na kidumu cha maji kilichosahaulika nyumbani, misuli itakubana tu.

Haya matatu usilale nayo nyumbani

Nayatenga kwa sababu ndiyo yanayokata miguu ya watu.

Moja: mguu mmoja umevimba, una joto kuliko mwenzake, umekuwa mwekundu au umebadilika rangi, lakini hauumi sana au hauumi kabisa. Hapa kijijini utasikia "ametegewa kitu njiani" au "ameteguka tu". Kwa mtu mwenye kisukari na ganzi, inaweza kuwa mifupa midogo ya mguu inavunjika na kulegea ndani kwa ndani, naye anaendelea kuukanyagia kwa kuwa hasikii. Mguu unabonyea, umbo lake linaharibika, vidonda vinafuata. Acha kuukanyagia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mbili: uvimbe wa moto ndani ya paja, tako au kigimbi, pamoja na homa. Inaweza kuwa jipu la ndani ya msuli. Mwenye kisukari mwili wake hupigana na vijidudu kwa shida. Jipu hilo halichuliwi, likichuliwa linazidi.

Tatu: kidonda chochote mguuni, hata kidogo, hata kisichouma. Vijidudu vikifika kwenye mfupa kazi inakuwa nyingine kabisa.

Na kama paja limeanza kuuma ghafla na kuishiwa nguvu, huku unakonda, hilo nalo usingoje msimu uishe.

Dawa nazo zisemwe

Hapa nitagusa watu, mniwie radhi.

Zile dawa za maumivu tunazonunua kama pipi, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake, si mbaya zikitumika siku chache kwa ushauri. Lakini kwa mwenye kisukari, ambaye figo zake tayari ziko kwenye hatari, kuzinywa miezi na miezi ni kama kupiga kiuagugu shamba lenye mpunga mchanga bila kusoma kibandiko. Zinaweza kuharibu figo, kupandisha presha na kuchimba vidonda vya tumbo. Na hazigusi kabisa ule moto wa mishipa ya fahamu kwa namna unayotegemea, huo una dawa zake nyingine.

Kuna na vidonge na sindano za "kulainisha viungo" ambazo zinampa mtu nafuu ya ajabu siku moja tu. Uliza ndani yake kuna nini. Zikiwa na prednisoloni au deksamethasoni, sukari yako itapaa. Hata sindano ya bega anayochoma daktari kwa nia njema inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, ndiyo maana ni lazima ajue una kisukari.

Dawa halali za kliniki nazo zina mambo yake. Vidonge vya kushusha lehemu vya jamii ya statini vinaweza kuleta maumivu ya misuli kwa baadhi ya watu. Ukiona misuli yote inauma na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, rudi hospitali haraka. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo unaleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. B12 haimo kwenye mchicha wala matembele, imo kwenye maini, nyama, samaki, mayai na maziwa. Lakini tafadhali, nisieleweke vibaya: usiache dawa yako kwa sababu bwana shamba kasema. Nenda nayo kliniki, uliza, wao ndio wabadilishe.

Na la kwetu wenyewe: viuatilifu. Baadhi ya sumu za wadudu tunazopiga hushambulia mishipa ya fahamu. Misuli ikianza kurukaruka, kulegea, mate yakajaa na jasho likatoka baada ya kupiga dawa, hiyo ni sumu, kimbia kituoni na kibandiko cha chupa mkononi. Mtu ambaye mishipa yake tayari imeumizwa na sukari hana sababu ya kupiga dawa kifua wazi.

"Bwana shamba, kaa kwenye mbolea yako"

Nimeambiwa hivyo, tena na mwenzangu wa ofisini. Ana hoja. Sisi hatukusomea magonjwa ya binadamu, na bwana shamba anayegawa vidonge ni hatari kuliko viwavijeshi.

Lakini mimi sisemi tugawe vidonge. Nasema tuulize. Mganga anamwona mkulima mara moja kwa mwezi, akiwa amevaa nguo safi na viatu. Mimi namwona kila wiki, akiwa peku, ndani ya tope, akiinama. Mimi ndiye ninayemwona anachechemea. Nikinyamaza kwa kuwa si somo langu, nani atasema?

Mwingine akasema, "Ukiwaambia wakulima kwamba maumivu ni ugonjwa, watapata kisingizio cha uvivu." Huyo nilimjibu kwa mfano wa yule mama. Mtu aliyekunywa vidonge miezi minne ili asikose jaruba, huyo ni mvivu? Uvivu ulikuwa wangu mimi niliyeona mkono haupandi nikaona nitanie badala ya kuuliza.

Hoja ya tatu ni hela. Vipimo ni gharama, nauli ni gharama, na wakati wa kupandikiza siku moja ya kliniki ni kibarua kimepotea. Hiyo ni kweli na siwezi kuibishia nikiwa nimekaa ofisini. Ila piga hesabu ya vidonge vya kila wiki kwa miezi minne. Halafu piga hesabu ya mguu mmoja: nani atalima, nani atakupeleka hospitali, na shamba lenyewe utaliuza shilingi ngapi ukiwa kitandani? Na kukagua nyayo zako jioni ni bure, ni macho yako na mwanga tu.

Nilichobadilisha, na ninachowaomba

Kwanza, shamba darasa letu sasa ni Alhamisi. Ilichukua dakika tano kukubaliana kwenye kikao, dakika tano tu, na mimi nilikuwa nimelipanga Jumanne miaka miwili bila kuuliza mtu. Maafisa ugani wenzangu mnaosoma hapa, nawaomba mfanye hivyo wiki hii: pigeni simu kituo cha afya, ulizeni siku ya kliniki ya kisukari na presha, halafu ratiba yenu iipishe.

Pili, anayekwenda kliniki anaandikwa amehudhuria. Akionesha kadi yake inatosha.

Tatu, kazi tunaigawa kwa mwili wa mtu. Bega bovu linaweza kusimamia kitalu, kuvuta kamba, kuhesabu miche, kuandika kumbukumbu. Goti bovu linafaa zaidi kusukuma palizi ya mashine kati ya mistari kuliko kung'olea kwa mkono huku mtu amechuchumaa. Jembe la mpini mrefu kidogo linapunguza kuinama. Na hakuna sheria inayosema mtu mmoja apandikize kuanzia saa moja hadi saa saba. Badilishaneni kila baada ya muda.

Kwa wewe mkulima mwenye kisukari, au mwenye mzazi mwenye kisukari, naomba haya:

1. Usiingie jarubani wala shambani peku. Vaa gambuti zisizobana, na soksi kavu. Kabla ya kuvaa zikung'ute, kijiwe kimoja kinaweza kukaa kutwa nzima bila wewe kukisikia.
2. Kila jioni osha miguu, ikaushe hadi katikati ya vidole, iangalie juu na chini. Huoni unyayo? Tumia kioo, au mwambie mjukuu akuangalilie.
3. Usikande miguu yenye ganzi kwa maji ya moto na usiiote motoni. Wengi wameungua hivyo bila kujua. Maji yapime kwanza kwa kiwiko, au mwenye miguu mizima ayapime.
4. Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, usiende shambani hujala. Ukianza kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka: kunywa maji yenye sukari mara moja, halafu kula. Na mwambie jirani wa shamba kwamba una kisukari, asidhani umelewa.
5. Beba maji ya kunywa.
6. Ukienda kliniki, usiseme "mwili unauma" ukanyamaza. Sema wapi, tangu lini, usiku au mchana, upande mmoja au yote miwili, ukifanya nini inazidi, na umekunywa dawa gani, hata za dukani, hata za mitishamba.
7. Ombeni miguu ikaguliwe na figo zipimwe. Na pakiwa na uwezo, uliza kipimo kinachoonesha wastani wa sukari yako ya miezi 2 hadi 3 iliyopita. Kile cha asubuhi moja kinaweza kukudanganya, hasa kama ulijinyima siku mbili kabla ya kliniki. Najua mnafanya hivyo.

Na kama huna kisukari unachokijua, lakini bega limekaza bila kuanguka, miguu inawaka usiku, unakojoa sana na kiu haiishi, nenda kapime. Wengine ugonjwa wanauonea kwenye bega kabla ya kuuona kwenye damu.

Mama yule leo

Bega lake linapanda hadi usawa wa sikio sasa. Bado halijafika kichwani. Kidonda kilichukua wiki nyingi lakini kimefunga, mguu anao. Figo zinafuatiliwa. Msimu huu yeye ndiye msimamizi wa kitalu cha kikundi, na niseme ukweli, miche yake ni mizuri kuliko ile niliyokuwa naisimamia mimi.

Nilikwenda kumwomba radhi, si pembeni, mbele ya kikundi kile kile kilichocheka. Akanijibu, "Mwanangu, wewe uliuliza mwishoni, wengine hawaulizi kabisa."

Sijui kama hiyo ni sifa. Naichukua kama deni.

Basi wakulima wenzangu, jembe lina makosa yake mengi, lakini si yote. Kabla hujalisingizia, uliza maumivu yameanzia wapi. Wiki ijayo tunarudi kwenye urea.

Nawatakia palizi njema, na miguu mizima.